Moshi wa Kibuyu Nyumbani kwa Guyo

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi na Guyo tulitoka Garsen pamoja kutafuta vibarua vya ujenzi Mombasa, tukawa tunalala chumba kimoja cha mabati. Mwezi uliopita yeye akapata nyumba ya serikali ya kupanga, vyumba viwili na maji ya bomba. Mimi nikabaki na mabati na kijicho changu.

Jumamosi nikapita chini ya dirisha lake, najifanya nina shughuli. Nikasikia harufu ya kibuyu kinachofukizwa kwa moshi wa kijinga. Kwetu kibuyu hufukizwa hivyo ili maziwa ya mgeni wa heshima yanukie, na mimi sikualikwa. Roho ikaniuma. Nikamwendea msimamizi wa nyumba, nikamwambia Guyo amewasha kuni ndani, afukuzwe.

Msimamizi akanishika mkono. "Twende ukanionyeshe."

Mlango ulifunguliwa na mamake Guyo, kijinga cha moto mkononi. Wala hakumtazama msimamizi.

"Umekuja, mwanangu. Maziwa yako haya. Guyo amekwenda kukuchukua uhamie hapa leo. Chumba kile ni chako."

Msimamizi akaniuliza mbele yake, "Bado unataka nimfukuze Guyo?"