Kiitikio Nilicholipia

Nyimbo huku kwetu hutoka wiki ya bonasi. Mkulima mdogo wa chai hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka hupata pesa za kushikika, na hapo ndipo mwanamuziki huita watu, akazindua wimbo na kupitisha kikapu. Mwenzangu wa jando alipanga hivyo hivyo, pale Boito, kwenye kituo cha kupimia majani. Kosa lake ni kwamba alitangaza siku kabla bonasi haijatangazwa. Ilipotangazwa ilikuwa aibu tupu. Watu walikuja na hasira zao, tayari kucheza bure.

Mimi niliitwa kama mgeni wa heshima, na sikushangaa. Diploma yangu ya umeme niliilipia kwa kuchuma chai ya wengine. Nchi za Ghuba nilienda kufanya kazi bila mjomba wa kunishika mkono, na niliporudi nilijenga ghorofa ambayo watu hutoka Kiptere kuja kuitazama. Wengine walikalia viti vya plastiki. Mimi nililetewa kochi la mchungaji.

Asubuhi hiyo mwenzangu alikuwa amenieleza shida yake. Gitaa lake lilishikiliwa na mwenye studio mpaka amalize deni la kurekodi, na lile alilobeba lilikuwa la kanisa. Bila lake, harusi za Disemba zingempita, na harusi ndizo zilizomlisha. Mtandaoni alisikilizwa hadi Mulot na kwingine, lakini kilichomfikia hakikuzidi bei ya chumvi.

Wimbo ulimhusu mama yake, aliyemlea akichuma chai na mtoto mgongoni. Kiitikio kilikuwa jina la mama, likiitwa tena na tena. Mama mwenyewe alikaa mstari wa mbele. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda, simu zote zikiwa juu zikirekodi. Kisha kikapu kikapita, kikarudi na sarafu chache na peremende moja.

Mshereheshaji akawasihi. Kijana mmoja akamjibu kwamba wimbo watausikiliza kwa simu, na bando pia hununuliwa. Mwingine akasimama kabisa.

"Msanii, mimi nimekulaiki na simu zangu zote mbili. Unataka nini tena?"

Wakacheka. Mwenzangu naye akacheka, huku akitazama kikapu.

Hapo nikainuka. Nikasema deni lote la studio nitalimaliza kesho, ila kwenye kiitikio liwekwe jina langu. Huku kwetu aliyesaidia hutajwa mwishoni mwa wimbo, kwenye foleni ya wafadhili, baada ya mwenye bucha na mwenye bodaboda. Sikuvuka bahari kuja kupanga foleni.

"Injinia, hiyo ni ya mama," akasema polepole. "Nitakupa ubeti mzima."

"Ubeti hakuna mtu huimba."

Aliyejibu ni mama, bila kuinuka, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama maziwa yamechukuliwa.

"Niondoe, mwanangu. Jina langu lingekuwa na pesa, ungekuwa na gitaa lako."

Akaimba papo hapo. Jina langu ni refu kuliko la mama yake, kwa hiyo mara ya kwanza lilimkwama na watu wakamcheka. Mara ya tatu walikuwa wanaliimba pamoja naye, simu zikiwa juu tena. Mama alipiga makofi kama wengine.

Baadaye nilisikia kanisani kwamba nimemnyang'anya mama wa watu wimbo wake. Waliosema hivyo ni wale wale waliotia peremende kwenye kikapu. Huruma yao ingeweza kulipa studio siku ile, na hakuna aliyewazuia. Mimi nililipa, na sijutii hata shilingi.

Wimbo ulitoka mtandaoni na jina langu. Gitaa nalo likatoka studio, na akaja nalo hadi langoni kwangu kushukuru. Nikamkaribisha ndani, akakataa kuketi. Alikuwa na swali.

"Mkubwa, nikiwa nyumbani naweza kuimba ile ya kwanza? Mama huiulizia."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia nyumbani ni sawa, mradi mtu asirekodi.

"Asante," akasema, na akashuka na gitaa lake.