Kidole Juu ya Jina

Wakala wa pesa za simu karibu na geti la mpakani Busia ana kidole gumba kipana, chenye wino usiotoka. Kabla ya kutuma pesa hukiweka juu ya kioo cha simu, akalifunika jina la mpokeaji, kisha huuliza bila kuinua uso, "Anaitwa nani?" Jina likilingana, hubonyeza. Chenji huisukuma kwa mkono mmoja huku akimwita anayefuata.

Asubuhi hiyo Damalie alifika na bahasha ya rambirambi aliyochangiwa kanisani, akiwa ametoka kumwomba Mungu amfungulie mlango. Akamkabidhi wakala, akataja namba ya kutumiwa. "Ni ya kujiandikisha," alieleza. "Kampuni ya Tororo. Nasambaza linki za sufuria zao, mtu akinunua napata kamisheni. Bosi ni Madamu Lillian."

Wakala akaondoa kidole. "Hapa jina ni Patroba."

"Labda karani wake."

"Mpigie huyo madamu. Sema wakate hiyo pesa kwa kamisheni yako ya kwanza."

Damalie akapiga, akasema hivyo. Sauti ya mwanamume ikafoka, "Wee mama, unalipa au hulipi? Nafasi inafungwa sasa hivi!" Simu ikakatwa.

Foleni ikaangua kicheko. "Madamu ana ndevu!"

Wakala hakucheka. Alikuwa akizirudisha noti ndani ya bahasha, na hapo ndipo alipoona mwandiko wa katibu wa kanisa: Familia ya Marehemu Matayo. Akaipangusa bahasha kwa kiganja, jina likitazama juu, akasimama, akamrudishia Damalie kwa mikono yote miwili.