Sauti Iliyovuka Sekenke

Nilimpeleka mama kwenye maonyesho ya redio pale makumbusho mjini nikitaka acheke kidogo. Tangu baba afariki hajacheka vizuri, na huku Unyambwa tunakoishi hakuna cha kuchekesha zaidi ya mbuzi wa jirani.

Mwanzoni alicheka kweli. Kwenye kabati la kioo aliona redio ya mbao kama ile ya baba, akaniuliza kitambaa chake cha kufuma kiko wapi, maana kwetu redio haikukaa uchi. Akakumbuka tulivyokuwa tukianika betri juani ili zipate nguvu, kuku wakizidonoa.

Binti wa makumbusho alimwamkia shikamoo, akatupeleka kwenye picha ya mzungu mmoja aliyetangulia kupeleka habari hewani bila waya. Alieleza vizuri, kwa kuipenda kazi yake. Mama alimtazama mdomoni.

"Mjukuu wangu, na mlima je? Hauzuii sauti?"

"Hauzuii, bibi. Ilivuka hata bahari."

Nilijua anachouliza. Kaka yangu alikwenda kuchimba dhahabu Sekenke, akapotea moja kwa moja. Baba alipofariki tulipeleka tangazo la kifo redioni, na jina la kaka likasomwa: habari zimfikie popote alipo. Tulichelewesha maziko tukimngoja. Hakuja. Ndugu walitaka tumlilie naye pia, mama akakataa katakata. Milima ya kule ni mirefu, alisema, redio haishiki, mwanangu hakusikia. Mimi niliyesoma sikumbishia. Nami nilihitaji milima ile iwe mirefu.

"Labda hakuwa na redio, mama," nikasema haraka.

"Kambi nzima ya wachimbaji ikose redio? Angeambiwa. Yule mtoto hawezi kusikia baba yake amekufa, halafu akakaa."

Akamshukuru binti, akamwombea baraka. Mimi nilimchukia yule binti, na hakuwa na kosa lolote.

Nje, mama alivua kilemba, akapitisha kiganja kwenye mvi zake. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume au mwana hunyolewa nywele zote, na zake zilikuwa zimekua tena tangu msiba wa baba.

"Tukifika nyumbani," alisema, "tafuta wembe."