Hongera Kabla ya Siku

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Karatu, upande ule msitu wa kreta unakoshusha ukungu, tulimjua Mjerumani kabla hatujamwona. Kwetu Mjerumani alikuwa kengele. Baba alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la mzee mmoja wa Kijerumani aliyebaki nchini wenzake walipoondoka, na kengele ile ilipogongwa alfajiri, baba alikuwa ameshavuka korongo. Mama alikuwa akisema, "Jua linaweza kuchelewa, mtu yule hachelewi." Basi sisi watoto tukaamini kwamba Wajerumani ni watu wa chuma, hawana mchezo na hawaogopi kitu.

Nyumba yetu ilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake la udongo, mbuzi wakipanda juu wanatembea vichwani mwetu. Ng'ombe walilala upande mmoja na sisi upande mwingine, na joto lao ndilo lililotupitisha mwezi wa saba. Ukiwaambia hayo vijana wa leo wanaziba pua. Wao wanalala na blanketi nene lenye picha ya simba, asubuhi wanaamka na mafua. Sisi tuliamka na harufu ya maziwa na mavi ya ng'ombe, tukanawa uso kwa maji yanayochoma kwa baridi, tukala kiporo cha makande, tukaenda shule miguu mitupu huku tukipiga kelele ili nyati watusikie mapema wapishe njia. Mimi niliishia darasa la nne. Lakini bibi mzaa mama, ambaye hakuona hata mlango wa darasa, ndiye aliyenifundisha mengi ya kuishi na watu.

Bibi alikuwa na miiko. Maboga machanga hayanyooshewi kidole, yataoza. Unayaonyesha kwa ngumi. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Mgeni akiuliza una ng'ombe wangapi unamjibu, "Wapo wachache wa kutupatia maziwa," hata kama zizi limejaa. Wasichana tulicheza na mahindi machanga, yale yenye nywele, tukiyafanya watoto wetu. Hilo bibi aliliruhusu. Ila ukijifunga mbeleko mgongoni bila kuweka hata hindi ndani, ulikuwa unatafuta fimbo. "Mgongo mtupu haubebeshwi!" alikuwa anafoka. "Unamwita nani?"

Na mimba haikutajwa. Mama alipokuwa anakaribia kujifungua wadogo zangu, hakuna aliyesema hongera. Hakuna aliyeshona nguo. Bibi alisema, "Huyo ni mgeni aliye njiani. Ukimwita kwa sauti, wa kwanza kusikia si yeye." Mlima mzima ulijua, na mlima mzima ulinyamaza. Lakini jirani akipita aliacha mzigo wa kuni mlangoni bila kusema neno, na mwingine alichukua ndoo ya mama akarudi nayo imejaa. Wazee wa zamani zaidi walikuwa na ukali wao juu ya mwanamke aliyepoteza mtoto, walimtenga. Mimi nasema niliyoyaona mwenyewe, kanisa likiwa limeshaingia. Mwaka mmoja mgeni wa mama hakufika. Hakuna aliyetangaziwa. Walikuja tu mmoja mmoja, wakaketi naye, hawakuzungumza, wakapika, wakaondoka.

Nimeyakumbuka hayo yote nikiwa Ujerumani, uzeeni.

Binti yangu Paulina ameolewa huko na kijana anaitwa Matias. Paulina anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, maana huko wazee wana nyumba yao. Alipokaribia kujifungua alinitumia tiketi. Nilipanda ndege na kilo zangu za mahindi na maharage ya makande, na kitenge cha kumpa mama mkwe wake, ambaye tulikuwa tumeonana kwenye simu tu.

Wenzangu, niliyoyaona yalinifunga mdomo, na ninyi mnanijua. Niliona mtu amesimama barabarani, hakuna gari kushoto, hakuna gari kulia, mvua inamnyeshea, anasubiri taa iwe ya kijani ndipo avuke. Hakuna askari. Anaiheshimu taa tu, kama mkwe. Niliona takataka zinachambuliwa kama mchele, karatasi huku, maganda kule, chupa za kijani zisikae na nyeupe. Jumapili mji mzima unanyamaza. Nilitoa kinu changu kidogo nitwange karanga, Paulina akanikimbilia kana kwamba nimeshika bunduki. "Mama, leo Jumapili! Majirani!" Asubuhi, baridi ikiwa ya kung'ata mifupa, wanafungua madirisha yote eti nyumba ipumue, halafu wanafunga wanawasha moto upya. Nilikaa na koti langu kitandani nikiwakumbuka ng'ombe wa baba.

Lakini nilipoona mtoto wa darasa la kwanza, begi limemzidi mgongo, anakwenda shule peke yake gizani, nilisimama dirishani nikamheshimu. Karatu siku hizi mtoto wa umri huo anapelekwa shule kwa bodaboda, na shule anaiona kutoka kwao.

Kitu kimoja tu kilininyima raha. Kile chumba. Paulina na Matias walikuwa wamekipaka rangi, wakaweka kitanda cha mtoto, na mlangoni wakabandika jina kwa herufi za mbao. Jina! Mtoto hajalia bado, jina lake linasomwa na mtu wa kuleta mizigo. Na Jumamosi iliyofuata walikuwa wameita watu, keki na maputo, ile wanayoiita bebi shawa. Kila nikipita mlango ule niligeuza uso. Sikusema. Mgeni hasemi mambo ya nyumba mapema.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo mama mkwe wake akaja. Bibi Gerda, mrefu, mwembamba, viatu vimefungwa kamba vizuri kama vya mwanajeshi. Alikuja dakika ile ile aliyosema, nikaikumbuka kengele. Paulina alikuwa ameniambia kwamba keshokutwa yake bibi huyo anatimiza miaka themanini. Nikasema moyoni, heshima ni kuwahi. Kwetu jambo la mkubwa halisubiri lipite. Nikakunjua kitenge, nikaenda nikamvisha mabegani, nikampigia makofi. "Hongera sana, mkwe mwenzangu! Hongera kwa kutimiza miaka yako!"

Paulina akatafsiri huku anacheka. Bibi Gerda hakucheka. Uso ulimbadilika kama aliyeona nyoka. Akakivua kitenge polepole, akakirudisha mikononi mwangu, akatikisa kichwa, halafu akainama akagonga meza kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko.

"Nimemkosea nini?" nikamuuliza Paulina. "Ana kinyongo na rangi ya kitenge?"

"Hapana, mama. Hapa mtu hapongezwi kabla ya siku yake. Ni nuksi. Labda asifike. Ndiyo maana amegonga mbao, kuiondoa."

Nilikaa chini. Jamani. Watu wa kengele! Watu wanaotengeneza magari yanayopanda milima ya kwetu na watalii! Nikamtazama yule mama, naye ananitazama kwa wasiwasi, mkono bado uko juu ya meza, nikamwona bibi yangu mzima mzima.

Nikasema, "Paulina, muulize mkwe wako. Na hiki chumba je?"

Paulina hakutaka kuuliza. Nikamkazia macho, akauliza. Bibi Gerda alizungumza muda mrefu, kwa sauti ya chini, akionyesha mlango wenye herufi bila kuunyooshea kidole. Paulina akanijibu kwa mkato: "Anasema yeye amenunua gari la kusukumia mtoto, lakini liko kwake, chini kwenye stoo. Anasema gari tupu haliingizwi nyumbani kabla ya mtoto. Alishamwambia Matias, Matias akamcheka."

"Mgongo mtupu haubebeshwi," nikasema.

"Ndiyo, mama, mmekutana," Paulina akasema. "Furahini."

Nikafurahi kweli. Nikamshika mkwe mwenzangu mkono, tukageuka wote wawili kumkabili binti. Nikamwambia toa jina mlangoni, na ile sherehe ya Jumamosi iache mpaka mtoto awe mikononi. Yule mama, bila kuelewa neno, akawa anaitikia kwa kichwa.

Paulina alikuwa ameshika sahani. Akaiweka. Akasema, "Mama, huyu si wa kwanza."

Nikauachia mkono wa mkwe mwenzangu.

"Mwaka jana kulikuwa na mwingine. Ulinifundisha nisiseme, sikusema. Si kwako, si kwa huyu mama, wala kazini. Mimba ikatoka. Nilirudi kazini Jumatatu nikawaosha wazee wa watu. Hakuna aliyenipa pole kwa sababu hakuna aliyejua kuna kitu kimekuwepo. Matias tu, naye hajui afanye nini, akawa anapika supu. Sasa mnataka na huyu nimfiche? Na huyu naye akienda, nani atajua alikuwepo?"

Halafu akalisema lote tena kwa Kijerumani, maana yule mama alikuwa anatutazama kama asiye na masikio.

Nilimfundisha binti yangu kunyamaza nikasahau kwamba huko alikokwenda hapakuwa na mlima wa kunyamaza naye. Kunyamaza kwa bibi yangu kulikuwa na kuni mlangoni na ndoo ya maji. Kwa Paulina kulikuwa ukuta mtupu uliopakwa rangi.

Bibi Gerda ndiye aliyesogea. Na Wajerumani, niwaambie, hawakumbatiani. Wanakupa mkono mmoja, umenyooka, basi. Aliizunguka meza, akamshika mkwewe kichwa akakiegemeza kifuani kwake, akakaa hivyo hivyo, mrefu, ameinama vibaya, mgongo lazima ulimuuma. Nikaenda jikoni nikapasha maji, maana kulikuwa na maji ya kupashwa.

Jioni hiyo tulikubaliana jambo. Watu wa Jumamosi waje. Wajue, wote, hata huyo wa kwanza waambiwe alikuwepo. Lakini maputo yasiwepo, na hongera isitamkwe. Waje, wale chakula, waketi na Paulina. Matias akawaandikia wote kwenye simu.

Nilipika makande sufuria kubwa. Walikuja wauguzi wenzake na majirani wa ngazi ile, pamoja na yule jirani wa ghorofa ya juu anayechukia kinu. Na hapa ndipo nilipowastaajabia Wajerumani mpaka mwisho. Waliambiwa wasipongeze, hawakupongeza! Tumbo la Paulina limekaa katikati ya sebule kama chungu cha pombe, na mchana kutwa watu wazima wanazungumza kuhusu mvua na treni iliyochelewa. Mwanamke mmoja alijisahau akafungua mdomo, mwenzake akamkanyaga mguu. Lakini mmoja alipotoka aliacha kikapu cha viazi. Mwingine aliosha vyombo vyote akavifuta. Yule wa juu alimshika Paulina bega, akasema kitu kifupi, Paulina akalia kidogo, akacheka. Nilimuuliza kasema nini. "Amesema na yeye aliwahi kupoteza. Miaka thelathini iliyopita. Amesema hajawahi kumwambia mtu kwenye jengo hili."

Baada ya siku chache mtoto akaja, asubuhi, msichana, ana sauti ya ugomvi. Tulikuwa kwenye korido ya hospitali, mimi na mkwe mwenzangu, kwenye viti vya plastiki. Matias akatoka analia, akatuonyesha kwa mikono kwamba wote wawili wazima.

Huku kwetu, Karatu ya leo, nimerudi nimekuta mjukuu wa jirani yangu ameweka tumbo lake kwenye simu, limepakwa rangi na tarehe imeandikwa, watu wasiomjua wanamtumia mioyo. Hana habari na maboga. Lakini nilimuuliza, anayekuchotea maji ni nani? Akanijibu, "Bibi, siku hizi tuna bomba." Sawa. Zamani waliojua walikuwa wale tu walioweza kufika kwa miguu.

Pale kwenye korido sikufikiri. Nilisimama nikapiga vigelegele, kwa nguvu, kama vilivyopigwa siku alipozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Wauguzi wawili wakatoka mbio wakidhani kuna aliyekufa. Mkwe mwenzangu akawazuia kwa mkono, akajaribu kunifuata. Sauti ikamtoka kama kuku anayekabwa, lakini alijaribu. Enzi zetu mwanamke akipiga vigelegele mlangoni, wa ng'ambo ya korongo walivipokea, na wa mlima wa pili wakavipokea kwa hao, mpaka habari ikafika mahali ambapo hata hamjui mtu. Nami nilipomaliza vyangu nilikaa kimya, nimeinua kichwa, ninasikiliza. Bibi Gerda akanitazama hajui ninasubiri nini. Nilikuwa ninasubiri ng'ambo waitikie.