Unga wa Njano na Muhogo wa Mahame

Enzi zetu ugali ulikuwa wa njano. Nyinyi mliokulia huku juu Newala miaka ile ya uhaba hamhitaji maelezo, mkiusikia tu mnashika tumbo. Unga wake ulikuja kwa lori kutokea Masasi, kwenye magunia yenye maandishi tusiyoweza kuyasoma, ukiwa na harufu ya stoo na utamu fulani usioeleweka. Serikali iliuomba ng'ambo ili tusife njaa, na kweli hatukufa, ila wiki za mwanzo mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akifundisha huku nusu ya darasa iko vichakani.

Sabuni haikuwepo. Mama alifulia majani ya mpapai, na mashati yetu meupe ya shule yakaingia ukijani ambao hakuna jua lililoweza kuutoa. Chumvi tulipimiana kwa kifuniko cha soda. Kandambili zikikatika tulizishona kwa waya, zikikatika tena tulivaa katambuga za tairi zilizotuchubua vidole. Leo binti yangu simu ikibakiza chaji kidogo anazunguka nyumba nzima kama aliyefiwa.

Maji tuliyafuata bondeni, tukapanda mlima na ndoo vichwani tukiimba nyimbo tulizofundishwa shuleni za kufufua uchumi. Tuliziimba kwa nguvu zote. Uchumi wenyewe hatukuujua. Mimi kwa muda mrefu niliamini ni mgonjwa fulani amelazwa hospitali ya Ndanda.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na yeye ndiye aliyeandika orodha ya watu wa kupewa unga. Nyumba ya jirani kabisa ilikuwa ya Bibi, mzaa mama, kwa sababu huku kwetu mwanamume akioa huhamia kwao mke. Na huku kwetu, kwa watu wa umri wa baba, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Wakikutana njiani baba alichepuka vichakani, hata kama ana mzigo kichwani. Kati yao nilikuwepo mimi, Somoe, mwenye miaka tisa, kazi yangu kupeleka maneno. Uzio wa mianzi uliowatenganisha haukuzuia hata kikohozi. Walisikiana vizuri kabisa, lakini kila mmoja alisubiri nimalize kuyarudia ndipo ajibu.

Mwaka ule likaja agizo kutoka wilayani. Kila kaya ilime ukanda wake wa muhogo kwenye shamba la bega kwa bega kando ya barabara, mahali ambapo bwana shamba angeweza kukagua bila kushuka kwenye pikipiki. Asiye na ukanda asiandikwe kwenye orodha ya unga. Nia ilikuwa njema, walitaka tuondokane na kuomba. Lakini Bibi hakuwa na ukanda. Shamba lake lilikuwa mahame, kule kwenye makazi ya zamani tulikohamishwa vijiji vilipoundwa, na kulima kule kulikatazwa. Alikwenda alfajiri na kurudi na mzigo wa kuni, muhogo ukiwa umefichwa katikati. Kijiji kizima kilijua. Baba naye alijua, ila aliangalia pembeni.

"Mwambie bibi yako," alisema baba siku ya kuandika, macho yake ukutani, "nikimwandika mkwe wangu asiye na ukanda, zile nyumba nyingine zitaninyima amani."

Bibi hakunisubiri, siku hiyo. "Mwambie baba yako mikono yangu haijakatika. Asiniandike."

Hakumwandika. Nasema wazi kwamba nilimchukia baba siku ile.

Lori lilipokuja, watu walipanga foleni na ndoo na vibeseni, na Bibi akakaa mlangoni kwake akichambua kunde kana kwamba hakuna kinachoendelea. Jioni baba aliugawa unga wetu nusu kwa nusu kwenye ungo, akaniambia nipeleke. Bibi akaurudisha. Akasema nimwambie baba kwamba yeye si mgonjwa. Baba akaniambia niupeleke tena, nikaupeleka, ukarudi. Safari ya tatu nilikaa katikati ya njia na ungo mapajani nikalia, mpaka mama akaja kuuchukua. Kisha alikwenda kutwanga kisamvu kwa hasira hadi kikawa maji.

Halafu mvua zikazidi. Barabara ya kupandia huku ikakatika na lori likaacha kuja. Muhogo wa bega kwa bega ukashikwa na wadudu weupe, majani yakajikunja, na ulipong'olewa ulikuwa na mizizi ya ukubwa wa kidole. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka ikaanza kuadimika. Mdogo wangu Hamisi, ambaye zamani ulikuwa humkamati kwenye kombolela, akaacha kucheza. Alikuwa anakaa tu kwenye kivuli cha ukuta na kuhama nacho.

Bibi alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akaniita. "Mwambie baba yako kesho aje mahame. Aje mwenyewe, asitume mtoto."

Baba hakulala, nilimsikia akijigeuzageuza. Kama balozi hakutakiwa kukanyaga kule, na kama mkwe hakutakiwa kuitika mwito wa namna ile. Asubuhi alichukua tenga akaenda, mimi nyuma yake. Chini ya mikorosho ya zamani tulikuta muhogo mrefu kumpita yeye, na makopa ya muhogo yaliyokauka vizuri yamejaa kichanjani. Bibi alikuwa amesimama pale. Baba akageuka akampa mgongo, akautazama mkorosho.

"Shikamoo, mama," akasema. Sikuwahi kumsikia akimsalimu.

"Marahaba, baba."

"Nimekuja kuchukua chakula cha watoto. Lakini nikitoka hapa nitasema kilikotoka."

"Sema. Ila watakuvua ubalozi."

"Wakinivua nitapata nafasi ya kuja kulima huku."

Bibi akacheka. Alicheka sana, hadi akashika kichanja. Baba hakugeuka. Tukajaza tenga tukarudi, na mchana ule Hamisi alikula akaomba tena.

Kwenye mkutano wa kijiji baba aliliweka lile tenga mbele ya bwana shamba. Akasema, "Haya ni makopa ya mkwe wangu, yametoka mahame. Ya bega kwa bega nendeni mkayaangalie wenyewe." Kisha Mama Fatu, jirani yetu mwenye ukanda mzuri kuliko wote barabarani, akainua mkono akasema na yeye anacho kipande kule. Akafuata mwingine, na mwingine. Bwana shamba alikasirika sana, lakini kabla ya kuondoka aliomba makopa kidogo ya nyumbani kwake. Baba hakuvuliwa ubalozi. Msimu uliofuata tuliruhusiwa kulima mahame na mashamba yale yakahesabiwa, na baba akaandika orodha mpya, jina la Bibi likiwa la kwanza.

Siku hizi majina ya kaya zenye shida yako kwenye mashine, ujumbe unaingia kwenye simu, na ni jambo jema, nawaambia ukweli. Ila unaweza kulala njaa jirani yako asijue kama uliandikwa au hukuandikwa. Na vijana wetu mama mkwe wanapiga naye picha wakiwa wamemkumbatia, wanamwomba hata chaja. Nawacheka, na nawaonea wivu kidogo.

Bibi alikwishafariki, na hakuacha picha hata moja. Mwezi uliopita nilitoka Masasi kuja huku kumjulia hali baba, ambaye sasa haoni vizuri. Tulikuwa tumekaa nje tunakula muhogo wa kuchoma, akaniuliza ghafla Bibi alikuwaje usoni akicheka.

Nikamwambia alikuwa na mwanya, na nembo zake, zile chale za mashavuni, zilijikunja zote mpaka macho yakapotea.

Akatafuna taratibu. "Siku ile mahame," akasema, "nilitaka kugeuka."