Hereni za Chumba cha Nyuma

Nasema mapema nisije nikaonekana mnafiki: nina wivu. Si wivu wa mapenzi. Mume wangu alishafariki, na enzi zake alikuwa mwaminifu, labda kwa uvivu. Wivu wangu ni juu ya mdogo wake, yaani shemeji yangu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mkono wa Dhahabu. Mkono wa dhahabu! Mkono ule kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe.

Studio yetu ya picha ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha Shemeji: pazia, kiti cha mgongo mrefu, taa, na maneno yake matamu, "Inua kidevu, dada, usicheke sana." Cha nyuma kilikuwa changu, miaka ishirini na sita. Nilikaa kwenye meza chini ya dirisha, filamu iko mbele yangu juu ya kioo, penseli nimeichonga mpaka imekuwa sindano. Ukichora cheusi kwenye filamu, kwenye karatasi kinatoka cheupe. Basi chunusi niliziondoa mimi. Makunyanzi niliyalainisha mimi. Mtu aliingia amechoka kama aliyelala stendi, akatoka kwenye picha bwana harusi kabisa, halafu akamshukuru nani? Shemeji.

Na hereni pia. Mwanamke akishapigwa picha, alipitia kwangu kama vile anaulizia choo. Ananiinamia sikioni: "Dada, na mimi niwekee." Namwekea. Hereni za duara zenye tone dogo linaloning'inia, aina moja tu, maana ndiyo niliyoiweza. Wote niliwaahidi kwamba siri itabaki mle chumbani. Hata Shemeji hakujua. Yeye picha ikishatoka alikuwa anatazama kazi yake mwenyewe na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwaka huu akaja binti mmoja kutoka chuo kikuu, Daktari, si wa sindano, wa vitabu. Alikuwa anatafiti picha za studio za zamani. Siku mbili nzima alikaa na Shemeji sebuleni, kinasa sauti mezani, mimi napitisha chai. "Asante, mama," basi, hakuna zaidi. Nilikohoa, nikapanga vikombe kwa kelele, wapi! Shemeji anaeleza habari za jicho la msanii, binti anaandika. Roho iliniuma mpaka nikasahau kutia sukari, na wao wakanywa hivyo hivyo.

Ikaja barua. Kongamano la Sanaa na Jamii, mgeni wa heshima ni Mkono wa Dhahabu. Shemeji akashona suti. Akaniambia, "Shem, twende wote. Nani atanibebea albamu?"

Nikaenda. Mwenye kijicho hapendi kusimuliwa, anataka ajionee mwenyewe. Mlangoni tukavishwa beji za shingoni. Yake imeandikwa MSANII MKONGWE. Yangu, MSINDIKIZAJI. Niliigeuza, maandishi yakatazama kifua changu.

Ukumbi ulikuwa baridi, wasomi wamejaa, kila mmoja na mkoba wake wa kongamano. Kwenye viti vya nyuma walikaa watu wa mtaani, walioalikwa waje kuwaona mama zao na bibi zao kwenye picha, na mimi nikakaa nao. Shemeji alikuwa jukwaani, kawekewa maji ya chupa peke yake. Nilitazama ile chupa kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Daktari akaanza kuonyesha picha ukutani, kubwa, moja baada ya nyingine. Wanawake wangu. Kila mmoja niliijua ngozi yake kabla sijaisafisha. "Tazameni masikio yao," akasema Daktari. "Wanawake thelathini na mmoja, hereni zile zile." Ukumbi ukaguna. Akaendelea kueleza kwamba wanawake wale lazima walikuwa na chama chao cha siri, wakiazimana kito kimoja, kikitembea sikio hadi sikio. Huo, akasema, ni ushahidi wa mshikamano. Makofi! Akamgeukia Shemeji. "Mzee, unalikumbuka hilo?"

Shemeji alisafisha koo. "Nalikumbuka vizuri sana. Mimi mwenyewe ndiye niliyewashauri. Niliona jamii yetu inahitaji kung'aa."

Weee! Nilisikia damu inanipanda mpaka kwenye nywele. Mtu kanikalia miaka ishirini na sita, sasa anataka na kucha zangu! Ukafika wakati wa maswali. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilifundishwa hivyo tangu mdogo, na ahadi yangu kwa wale wanawake niliikumbuka neno kwa neno. Lakini mkono ulikuwa umeshainuka, na kipaza sauti kimeshaletwa.

"Hereni hizo hazikuwepo," nikasema. "Nilizichora mimi."

Watu wakacheka. Shemeji akacheka kuliko wote. "Mniwie radhi, shemeji yangu amechoka na safari."

Safari! Tumetoka mtaa wa pili.

"Mwanangu," nikamwambia Daktari, "iache hapo hapo picha hiyo. Taa ya Shemeji ilikuwa kulia. Tazama pua, kivuli kimeangukia kushoto. Sasa tazama hereni. Zinang'aa upande gani?"

Mtu mmoja wa mbele akasema, "Kushoto."

"Kwa sababu dirisha langu lilikuwa kushoto. Nilichora mwanga niliokuwa nauona."

Daktari akarudisha picha nyuma moja moja. Kushoto. Kushoto. Kushoto. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, watu wazima na shahada zao wamesimama. Shemeji akaifungua ile chupa, akainywa yote bila kupumzika. Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi vibaya sana. Daktari alishuka jukwaani mbio, akanishika mikono miwili. "Mama, jina lako nani?" Nikamtajia la kwangu, la baba na la babu, na nikahakikisha ameandika.

Ilipofika chai, wakaanza kupanga viti kwenye ngazi za nje kwa picha ya pamoja. "Mama, usiende mbali," Daktari akaniambia, "wewe utakaa katikati." Nilikuwa naweka sawa kitambaa changu, mwanamke mmoja wa kwenye viti vya nyuma akanishika kiwiko.

"Yule wa nne, mwenye gauni la vitone, ni mama yangu."

"Namkumbuka!" nikasema, bado nimelewa sifa. "Alikuja na vijiti vya ufagio masikioni ili matundu yasizibe. Nilimtengeneza vizuri, eh?"

"Alituambia hereni hizo anazo," akasema. "Kwamba anazitunza mahali salama, ni zetu wote wawili, mimi na dada. Alipofariki tulipekua nyumba nzima. Mimi ndiye niliyemuuguza, mimi ndiye niliyekuwa na funguo. Dada akaniita mwizi mbele ya ukoo."

"Pole, mwanangu. Sasa si umwambie..."

"Nimwambie wapi? Tulikaa miaka kumi na tisa hatusemezani. Amefariki mwaka jana. Sikwenda kumzika."

Akaniangukia begani. Ningesema nini? Kwamba mama yake aliniomba? Kwamba nilimwahidi kunyamaza, na kama ningenyamaza hata leo, asubuhi hii, yeye angebaki mwizi wa kusingiziwa tu, si mtu aliyempoteza dada yake kwa ajili ya penseli yangu? Alilia kwa sauti, na watu wenye vikombe wakasogea pembeni kutupisha. Nilimshika. Nilimwambia pole, nikarudia pole.

Na Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa unampapasa mgongo, lakini macho yangu yalikuwa yamepita juu ya bega lake, yanatazama ngazini. Mpiga picha alikuwa anahesabu moja, mbili, na kwenye kiti cha katikati alishakaa Shemeji.