Viatu vya Shangazi

Mtaani wanasimulia kwamba fundi viatu alimwua mbwa wake kwa maringo. Wanaosema hivyo hawakuwapo mlimani, na mbwa mwenyewe hajafa. Ni heri jambo lisemwe lilivyokuwa, maana jina la mtu huchafuka upesi kuliko shuka jeupe, na kulifua ni kazi ya miaka.

Fundi ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kiuno kilichochoka kwa kuinamia soli. Duka alilirithi kwa baba yake, na katika nyumba iliyo nyuma ya duka anaishi na dada yake mkubwa, ambaye hakuolewa na wala hajutii. Mtoto hana. Ana mbwa jike, mwenye manyoya ya rangi ya asali na kifua kipana. Majirani walimpa jina la Shangazi kwa sababu huingia nyumba za watu bila hodi, hukagua jikoni, kisha huondoka amenuna.

Safari zilianza na kinyozi wa duka la jirani. Daktari alimwambia atembee, la sivyo moyo utamkatikia kitini. Kinyozi hapendi kuteseka peke yake, akamvuta fundi, akamvuta na mwashi mmoja mwenye mabega kama kabati. Kila Jumapili wakawa wanatembea, kwanza barabarani, kisha vilimani. Mwashi ndiye aliyeutaja mlima mkubwa.

"Lakini mbwa mwache nyumbani," alionya. "Njia ya kule ni mawe matupu, makali kama wembe wa huyu bwana."

"Wembe wangu siku hizi hauna makali," alisema kinyozi. "Waulize wateja."

Fundi hakumwacha. Shangazi akiachwa hulia mlangoni mpaka dada anashikwa na kichwa. Basi fundi akafanya alichojua kufanya: akampima nyayo juu ya kadibodi, akamshonea viatu vinne vya ngozi, vyenye soli ya mpira na kamba za kufungia juu ya kifundo.

"Watu wanapita hapa vidole vinachungulia nje," alisema dada yake, "wewe unamvisha mbwa."

"Waje na wao, dada. Mlango uko wazi."

Vilikuwa viatu vizuri. Dada alivigeuzageuza mkononi, akakubali kwamba mshono ni wa baba yao kabisa.

Siku ya mlima ilipofika, mwanzoni Shangazi alitembea kama bibi harusi aliyeazima viatu, ananyanyua miguu juu juu, na wale wawili wakacheka hadi kinyozi akaomba wapumzike. Baadaye akazoea. Wakavuka kijito, maji yakamfika tumboni, wakatokea upande wa pili kwenye jua kali na mawe yasiyo na kivuli.

Kosa la fundi lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la fundi hasa. Ngozi ile hakuipaka mafuta, kwa kuogopa mbwa asije akailamba na kuitafuna. Ngozi isiyo na mafuta ikilowa kisha ikapigwa na jua hujikunyata. Hilo analijua tangu utoto. Kiatu cha mtu asingekitoa dukani bila kukipaka. Cha Shangazi alikitoa.

Mbwa akaanza kubaki nyuma. Akaketi. Fundi akasema anadeka, akamvuta kwa kamba ya shingoni. Akaketi tena, akavutwa tena, na kwa kuwa anayemwita ni yule yule anayemlisha, akainuka. Karibu na kilele akalala ubavu, akakataa kabisa.

Ndipo fundi alipopiga magoti kumfungua. Kamba zilikuwa zimezama ndani ya nyama iliyovimba. Alizikata kwa kisu. Viatu vitatu vilitoka na malengelenge. Cha mguu wa kulia wa mbele kilitoka na ngozi ya wayo. Vidole vilikuwa vya baridi, na kimoja kimegeuka rangi ya zambarau. Shangazi hakubweka. Alimtazama tu.

Wenzake wakasimama juu yake. Mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Tumwekee maji kwenye kivuli cha jiwe hili," alisema mwashi. "Kesho turudi na watu na machela. Ukimbeba kwenye mteremko ule utavunjika wewe, tukuache na wewe."

"Mbwa ni mbwa, ndugu yangu," alisema kinyozi, lakini kwa sauti ya chini.

"Nimemleta mimi," alisema fundi. "Hakuomba kuja."

"Aliomba," alisema kinyozi. "Kila siku unatuambia analia mlangoni."

Fundi alivua shati, akakifunga kile kidonda, kisha akaomba shuka ambalo mwashi hutandika wakila. Mwashi akalitoa, akatikisa kichwa, akatangulia kushuka ili atafute gari barabarani. Kinyozi alisaidia kumfunga Shangazi mgongoni kwa fundi kama mtoto kwenye mbeleko.

"Kafanana nawe pua," alisema, akikaza fundo. "Mama yake yuko wapi?"

Wakashuka. Mbwa yule ni mzito kama gunia la mkaa, na mkaa haupumui shingoni mwa mtu. Kila fundi alipoteleza, mguu mbaya uligonga na Shangazi akaunguruma sikioni kwake. Mvua ikaanza. Kinyozi alishika shuka kwa nyuma, akilalamika njia nzima juu ya moyo wake, daktari wake na siku aliyozaliwa, lakini mkono hakuutoa.

Mahali fulani kabla ya kijito, fundi alimshusha, akamweka kando ya njia, akaendelea peke yake. Kinyozi hakumzuia. Fundi alitembea hatua chache, mgongo mwepesi, na wepesi ule ukamwonjesha jinsi ambavyo safari ingekuwa rahisi. Alisimama hapo kwa muda, mvua inamwagikia mabegani. Kisha akarudi, akainama.

"Funga tena," alisema.

Barabarani mwashi alikuwa na gari la kubeba kokoto. Ndani yake, wamelowa wote, kinyozi akamsogelea fundi.

"Kwa daktari wa wanyama sema ni mawe. Usitaje viatu. Nani atakuletea kiatu tena? Mdomo wa mtaa unaujua. Mimi ndiye ninayeunyoa."

Daktari wa wanyama alikuwa binti mdogo mwenye macho ya usingizi. Alifungua shati lililojaa damu, akauliza, "Mzee, hii imetokana na nini?"

Chumbani kulikuwa na mama mmoja na paka wake, mteja wa siku nyingi dukani. Fundi alimwona. Akatazama vidole vya Shangazi.

"Ni viatu. Nilimshonea mimi. Vikalowa, vikambana, na mimi nikamvuta."

"Vilimbana muda mrefu?"

"Tangu kijitoni, daktari. Zaidi ya nusu ya kupanda."

"Ningedhani ni mkato wa jiwe, ningesafisha tu na kufunga. Kumbe damu haikufika." Akabonyeza kidole kile cha zambarau. "Hiki kimekufa. Tukikiacha kitaondoka na mguu."

Kidole kikakatwa, mguu ukabaki. Habari zilifika nyumbani kabla ya fundi.

"Ulisema mbele ya watu," alisema dada yake. Hakuuliza. "Duka lina jina la baba."

"Nilisema, dada."

"Ungeweza kumvuta daktari pembeni."

"Nilikuwa nimechoka. Sikuweza kumvuta mtu yeyote tena."

Dada akaenda kulala bila kumtakia usiku mwema.

Asubuhi Shangazi hakuweza kukanyaga, na mbwa naye ana haja zake. Fundi akambeba, mgongo unamwuma hata kupumua, akafika mlangoni. Nje majirani walikuwa tayari, mmoja anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Akasita. Dada yake akatoka chumbani, amevaa vizuri, nywele zimechanwa. Akampita, akafungua mlango wote, akaushika.

"Pita," alisema. "Polepole, usimgonge mguu. Wakitazama, watazame."